Seva ya Mama na Mkwewe

Mimi si mtu wa kutoka. Naishi Mpemba, hatua chache kutoka barabara kuu wanakopita madereva wa nchi zote wanaokwenda Zambia na kurudi, na mpaka leo sijavuka mpaka. Mtu anakwenda Lubumbashi na lori lake, anafika barazani kwangu nimbadilishie kioo cha simu, ananiuliza Nakonde, ng'ambo ya mpaka, siku hizi kukoje. Namwambia sijui. Elimu yangu ni kidato cha nne. Ufundi simu nilijifunzia kwenye simu za watu, na baadhi yao walizipata tena zikiwa nzima. Dada yangu husema nikifika sokoni Tunduma huwa naomba kuelekezwa njia ya kurudi nyumbani. Anatia chumvi. Njia ya kurudi naijua vizuri, ya kwenda ndiyo hunisumbua.

Nayasema haya ili ieleweke kwamba mtu wa namna hii akiamua kuwa na huduma yake mwenyewe ya kuchati, yenye seva yake chini ya meza ya televisheni, hana mambo makubwa. Ni ya nyumbani tu. Yangu yalikuwa ya mama na mkwewe.

Dada, ambaye ni mdogo wangu wa pekee, aliolewa bondeni, Momba kule chini, na Msukuma mwenye ng'ombe na mashamba ya mpunga. Mama yuko Iyula, juu kwenye kahawa, katika nyumba ileile tuliyozaliwa. Kwa alivyolelewa yeye, mama mkwe na mkwe wa kiume hawakai chumba kimoja, hawali pamoja, hawatajani majina, na wakikaribia kukutana njiani mmoja huingia shambani mpaka mwenzake apite. Si ugomvi. Ni heshima, na mama anaitunza kama anavyotunza vikombe vya wageni. Shemeji naye kwao wana heshima ya namna hiyo, ingawa aliwahi kuniambia, "Shemeji, sisi mama mkwe tunamwogopa sana, ila hatujafika kumwogopa kwenye simu."

Na tatizo lilianzia kwenye simu. Baada ya harusi dada alifungua kundi la familia kwenye ile programu ambayo kila mtu anayo. Akatuweka wote: mimi, mama, mumewe, na wazee wa upande wa mumewe. Mama alikuwa na simu mpya ya kupangusa na kundi lilimfurahisha. Aliona picha za ng'ombe, akazisifu. Akaona picha za mpunga, akazisifu pia. Kisha akauliza ni nani anayepiga picha nzuri hivi, akajibiwa ni mkweo. Mama akaelewa kwamba muda wote ule alikuwa amekaa ndani pamoja na mkwewe, tena akimsifu. Akatoka. Ile programu, ambayo haikulelewa Iyula, ikatangaza mbele ya ukoo mzima wa bondeni kwamba mama ameondoka kwenye kundi.

Wazee wa bondeni wakauliza wamekosa nini. Mama akauliza wao wanauliza nini. Dada akafunga kundi. Kuanzia hapo njia ikawa mimi.

Ilikuwa hivi. Mama ananipigia, na kila sentensi yake inaanza na "mwambie". Mimi nampigia shemeji, ambaye lazima kwanza apande kichuguu kikubwa nyuma ya zizi ndipo apate mtandao. Namwambia. Naye anajibu, na kila sentensi yake inaanza na "mwambie". Watu hudhani kazi ya mtu wa katikati ni kubeba maneno. Kazi yake ni kuyaosha. Mama akisema, "Mwambie asinifanye mjinga," mimi nafikisha kwamba mama anaomba ufafanuzi. Shemeji akisema, "Mwambie mimi si mtoto mdogo," nafikisha kwamba amelipokea na analifikiria. Wote wawili wanajua kwamba naosha, na kwa sababu wanajua, wanayachafua maneno zaidi tangu mwanzo, ili yakishaoshwa kibaki kitu.

Tulikwenda hivyo vizuri tu mpaka dada alipopata mimba. Kwetu mtoto wa kwanza huzaliwa upande wa mama wa binti. Mama alitaka dada apande Iyula kabla ya mvua, kwa sababu mvua zikishachanganya, mito ya bondeni hujaa, barabara ya kupandia kupitia Itaka hukatika, na aliye chini hubaki chini. Shemeji hakukataa. Hakukubali pia. Alikuwa anasubiri mnunuzi wa mpunga, anasubiri gari, anasubiri siku ya kliniki. Mama alikuwa anatazama mawingu. Simu zikawa za asubuhi, za mchana na za jioni, mimi nikiwa na simu ya mtu imefumuliwa mezani, skrubu zikiwa mdomoni, naambiwa mwambie.

"Boss, kwa nini hawaongei wenyewe?" aliniuliza dereva mmoja wa Zambia aliyekuwa akisubiri simu yake.

Nikamweleza. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Kwetu ni hivyohivyo," akasema. "Ndiyo maana mimi nikachagua malori."

Mimi kuchagua malori haiwezekani. Lakini nilikuwa nimesoma kwamba mtu anaweza kuwa na huduma yake mwenyewe ya kuchati. Unachagua programu ya seva, unaiweka kwenye kompyuta yako, watu wako wanaingia, na kanuni za mle ndani ni za kwenu, si za watu wa mbali. Nilivutiwa na hilo la kanuni. Nilivutiwa pia kwamba kazi yote inafanyika bila kuvaa viatu.

Mtandaoni nilikuta watu wanabishana kuhusu programu za seva kama wanavyobishana vijiweni kuhusu timu mbili za Kariakoo. Hii ina usalama, ile ina kasi, hii imeandikwa kwa lugha ya kisasa, ile itakufia mkononi. Hakuna aliyesema ipi inafaa kwa mama mkwe. Nikauliza. Jamaa mmoja mwenye ujuzi akanijibu kwa upole, akitaka kwanza kujua natarajia watumiaji elfu ngapi. Nikamwambia wanne. Hakurudi tena.

Basi nikachagua kama wanavyochagua wengi. Nikachukua kubwa kuliko zote. Kompyuta yenyewe ilikuwa laptop ya mwalimu mmoja, kioo kimevunjika hakitengenezeki, nikaiunganisha na televisheni iwe ndiyo kioo chake. Toka siku hiyo taarifa ya habari nikawa naisikiliza kwa jirani, kupitia ukutani. Ile programu kubwa ilipowaka, feni ya laptop ilianza kunguruma kama mashine ya kusaga, na jirani akaja kuuliza kama nimeanza kusaga nafaka. Lakini ilikuwa na kila kitu. Picha, sauti, alama ya kuonyesha nani amesoma, alama ya kuonyesha nani anaandika muda huu, na uwezo wa kufuta ujumbe hata kama umeshafika kwa mwenzako. Nilikuwa kama mtu aliyekwenda duka la vyombo kununua mwiko mmoja.

Palikuwa na suala la anwani. Seva lazima iwe na anwani yake ili simu za watu ziipate. Intaneti ya laini haikupi anwani yako. Inakuweka kama mpangaji kwenye nyumba yenye wapangaji wengi na geti moja. Mgeni akigonga, hakuna anayejua anamtaka nani. Ikabidi nikodi kijimlango kwenye kompyuta ya watu huko ng'ambo, kinapokea mgeni na kumleta mpaka chini ya televisheni yangu. Yaani ujumbe wa dada kutoka Momba kwenda Iyula ulikuwa unapitia Ulaya kwanza. Katika ukoo wetu ni ujumbe huo tu uliowahi kufika huko.

Mama alikuja Mpemba kwa shughuli zake, nikamwekea programu kwenye simu. Dada na shemeji nilishawaelekeza kwa mdomo. Mama akakaa jikoni kwangu akichambua maharage kwenye ungo, simu ikiwa juu ya kigoda mbele yake. Ujumbe wa kwanza ukaingia, wa dada: "Shikamoo mama." Mama akafuta mikono, akaandika marahaba, akatabasamu. Mimi nikasimama mlangoni kama mtu aliyeleta umeme kijijini.

Kisha chini ya kioo jina la shemeji likatokea, na pembeni yake neno "anaandika", na vinukta vitatu vikichezacheza.

Mama akatazama. "Huyu yuko wapi?"

"Yuko bondeni, mama."

"Anafanya nini?"

"Anaandika."

"Namwona."

Alimimina maharage kwenye sufuria, akaifunika simu kwa ungo, akatoka nje, akaenda kusimama upande wa pili wa ukuta wa jikoni.

"Mwambie apite," akasema akiwa hukohuko.

Nilijaribu kumweleza kwamba vile ni vinukta tu, mtu mwenyewe yuko mbali. Akasema amemwona anaandika kwa macho yake, sasa mimi namwambia si mtu. Nilirudi kwenye televisheni kutafuta pa kuzima vinukta. Ile ya kuonyesha nani yupo nilifanikiwa kuizima. Vinukta havikuzimika, au mimi sikupaona. Na kumbe shemeji mwenyewe hata hakumaliza kuandika. Alinipigia jioni kutoka kichuguuni.

"Shemeji, hicho kitu chako kinazunguka tu. Ng'ombe wamekwenda kunywa maji, wamerudi, chenyewe bado kinazunguka."

Mtandao wa kichuguu hauwezi kubeba kitu kikubwa. Nikaiondoa ile kubwa. Feni ikanyamaza, jirani akaja kunipa pole.

Ya pili ilikuwa ndogo na ya zamani, huenda inalingana umri na dada. Mwongozo wake haukuwa na picha hata moja. Ilikula nafasi kidogo kiasi kwamba mara ya kwanza niligusa laptop kuhakikisha haijafa. Maandishi yalipita nayo hata mtandao ukiwa wa kuvizia. Na ndani ya mwongozo nikakuta maelezo kwamba mtu hawezi kuona kama mwenzake yupo au hayupo mpaka wote wawili wawe wamekubaliana kuonana. Nilirudia kusoma. Aliyeitengeneza hii, nikasema moyoni, ana mama mkwe.

Ilikuwa na upungufu mmoja ulioandikwa wazi kabisa: ujumbe ukishakwenda umekwenda, hakuna kuufuta kwa mwenzako. Nikaona huo ni upungufu kwa watu wenye haraka, sisi hatuna. Nikaichagua.

Siku nzima ilipotea kwa sababu ya mkato mmoja niliousahau kwenye faili la mipangilio. Seva ikawa haiwaki na haisemi kwa nini. Dada akanipigia kuuliza imefikia wapi.

"Natafuta mkato," nikamwambia.

"Wewe kaka wa kutafuta mkato? Wewe si mtu wa njia ndefu? Nenda nje ukatafute mke."

"Nje kuna vumbi."

"Basi tafuta mkato wako."

Bado nilikuwa na swali la msingi. Kuwaweka mama na shemeji kwenye chumba kimoja haikuwezekana hata kama hawaonani. Kwa hiyo nikatengeneza vyumba viwili. Kimoja cha mama, dada na mimi. Kingine cha shemeji, dada na mimi. Katikati nikaweka programu ndogo, nikaipa jina la Tarishi. Mama akianza ujumbe na neno "mwambie", Tarishi anaubeba mpaka chumba cha pili na kuuweka mbele ya shemeji. Shemeji akianza na "mwambie", unakwenda kwa mama. Ujumbe mwingine wote unabaki ulipo. Nilijisikia fundi wa kweli. Nikampigia mama kumweleza.

"Huyo Tarishi ni mtoto wa nani?"

"Ni mashine, mama."

"Inaingia kwake?"

"Inaingia."

"Na kwangu inaingia?"

"Na kwako."

"Kwa mlango upi?"

Nikafikiri. "Kila chumba kina mlango wake. Yenyewe inapita, nyie hamkutani."

"Inakula?"

"Haili."

"Sawa," akasema mama. "Inakuzidi adabu."

Ikafanya kazi. Mama aliandika kwa herufi kubwa tupu, kwa sababu kuna mahali aligusa siku ya kwanza na hakutaka kupagusa tena. "MWAMBIE NAULIZA HALI YA MGONJWA." Shemeji alijibu kwa herufi ndogo, bila nukta, akiwa kichuguuni. "mwambie anakula vizuri ila miguu inavimba". Simu yangu ikawa kimya. Nilitengeneza simu za watu bila skrubu kunikwama kooni. Nikawa hata vyumba vyenyewe siviangalii kila saa, maana kitu kinachokwenda chenyewe ukikiangalia sana kinajua.

Mawingu yakaanza kukusanyika upande wa Mbozi. Mama aliuliza safari lini. Shemeji akajibu anasubiri gari. Mama akauliza tena. Shemeji akajibu gari limepatikana ila dereva anasubiri mzigo. Kisha kukawa na ngurumo ya kwanza, na siku hiyo mama akaandika hivi:

"MWAMBIE KAMA ANASUBIRI MVUA IMSAIDIE KUNINYIMA MWANANGU MIMI NITASHUKA HUKO KWA MIGUU NITAINGIA NDANI KWAKE NA NITAKAA KWENYE KITI CHAKE."

Kwa mtu wa kawaida hiyo ni ziara. Kwa mama mkwe kumwambia mkwewe kwamba ataingia ndani kwake na kukalia kiti chake, hakuna linalobaki baada ya hapo. Baada ya hapo mnahama. Mama aliandika vile kwa kipimo kilekile cha siku zote, akijua kuna mtu ataosha. Alisahau kwamba yule mtu alishaajiri mashine. Mimi nilikuwa barazani na simu ya mteja. Nikaja kuona wakati mama anapiga.

"Umemwambiaje?" akaniuliza kwa sauti ya kawaida.

Nikafungua chumba, nikasoma. "Mama, mimi sijamwambia kitu. Tarishi amemwambia."

"Amemwambiaje?"

"Kama ulivyoandika."

"Yote?"

"Yote."

"Na kiti?"

"Na kiti."

Nikasikia mama anaweka kitu chini, nadhani sufuria. "Ifute."

"Hii ndogo haifuti, mama. Ile kubwa ndiyo ilikuwa inafuta."

"Kwa nini hukuchagua ile kubwa?"

"Uliifunika kwa ungo."

Mvua ikaanza kunyesha Iyula, niliisikia kwenye bati lake kupitia simu, na baadaye kidogo ikafika kwangu.

Shemeji hakujibu. Nikampigia, hapatikani. Dada hapatikani. Siku iliyofuata pia hawakupatikana, na mvua ilikuwa inaendelea, si kubwa, ile ya kuonyesha kwamba imefika na haina haraka. Mama hakuandika tena chumbani. Alinipigia, na safari hii hakuanza na mwambie.

"Amekasirika," akasema. "Hatamleta. Mwanangu atajifungulia kule, njia imekatika, na mimi ndiye niliyemfungia."

"Labda simu haina chaji, mama."

"Miguu inavimba. Wewe unajua miguu kuvimba ni nini?"

Nilikuwa sijui.

"Nenda," akasema mama.

Nilitafuta sababu. Nina sababu nyingi, nimezikusanya miaka, lakini siku hiyo kila niliyoishika ilikuwa nyepesi. Nikafunga baraza. Nikabeba nguo, kurunzi, na mto wangu wa kulalia, kwa sababu sijui watu wa bondeni wanalalia nini. Jirani aliniona na mto kwapani akauliza kama nimefukuzwa.

Nikafika Mlowo, mahali ambapo magari ya kwenda bondeni huanzia, nikaambiwa hakuna gari linaloshuka, yaliyopo ni yanayopanda kuukimbia utelezi. Nikasimama pembeni ya stendi chini ya bati la duka la pembejeo. Sikuwa na mpango. Nilikuwa naangalia magari yanayoingia kutoka njia ya Itaka, yamepakwa tope mpaka kwenye vioo, na kila lililoingia nilihesabu kwamba hilo angalau limepita. Kisha likaingia kenta la magunia ya mpunga, na mbele, pembeni ya dereva, alikuwa amekaa dada yangu, tumbo likiwa limefika kwenye dashibodi. Juu ya magunia, amejifunika turubai, alikuwa shemeji.

Dada alishusha kioo. Alinitazama mimi, akautazama mto.

"Umehamia stendi?"

Nikamshika mkono kupitia dirishani, akaniachia, jambo ambalo si kawaida yetu.

Shemeji akashuka akijikung'uta. Nikamsalimia, nikaanza kumwambia kwamba ule ujumbe, unajua mama, hakumaanisha. Akaniinulia mkono.

"Shemeji, niliusomea pale kichuguuni. Nikakaa chini. Nikasema, huyu mama anaogopa. Nikamwendea dereva saa ileile, nikampakilia mpunga wangu asingoje mzigo mwingine, simu nikaisahau kwenye mvua." Akalikunja turubai taratibu. "Wewe miezi yote hii ulikuwa unaniletea salamu. Mama anakusalimu, mama anaulizia safari, mama angependa. Nikajua mama anataka binti aje kutembea. Kumbe anataka aje."

Nilisema kazi ya mtu wa katikati ni kuosha.

"Unaosha mpaka nguo inaisha," akasema shemeji.

Tulipofika Iyula mvua ilikuwa imepumzika. Shemeji alisimama mwisho wa shamba, kwenye kahawa, akageuzia nyumba mgongo kama inavyotakiwa. Dada akaingia ndani. Nilimsikia mama akisema neno moja la Kinyiha, lile alilokuwa akitumia tulipokuwa wadogo tukianguka. Nilidhani sasa mama na mkwewe watachati, mmoja jikoni na mwingine kwenye kahawa, maneno yakipitia Ulaya. Nikatoa simu. Seva haikujibu. Mpemba umeme ulikuwa umekatika na mtu wa kuiwasha ile laptop alikuwa amesimama Iyula na mto.

Shemeji akaniita kwa kidole.

"Kliniki wamesema presha yake inapanda," akasema, akiwa bado ameitazama kahawa. "Wamesema asizalie nyumbani, wala zahanati. Hospitali. Na asingojee uchungu, aende mapema. Najua mama amejiandaa azalie hapa. Mwambie kama nilivyokwambia. Hili usilioshe."

Nilitembea mpaka mlango wa jikoni. Mama alikuwa amekaa na dada, amemshika mguu, anaubonyeza kwa kidole na kuangalia jinsi shimo linavyobaki. Nikasema yote kama nilivyoambiwa, pamoja na neno presha, pamoja na neno hospitali. Sijazoea kufikisha kitu kizima.

Mama hakuniangalia. Aliendelea kubonyeza.

"Mwambie nimesikia," akasema. "Mwambie kesho asubuhi tunakwenda hospitali, Vwawa. Mwambie kile kiti nilikuwa nimechoka."

Nikarudi kwenye kahawa nikasema vilevile. Shemeji akaitikia kwa kichwa, akiwa amewapa mgongo. Akala ugali aliopelekewa hukohuko shambani, akapanda kenta lilelile kurudi bondeni kabla mto haujafunga njia. Ng'ombe hawajui habari za presha.

Mimi nikarudi Mpemba, nikaiwasha laptop, na sikutoka tena. Mama na dada walikuwa Vwawa, njia ya Itaka ikakatika kweli, na shemeji akabaki na kichuguu chake na ile simu, aliyoikausha. Zile siku niliangalia vyumba vyote viwili bila kujali kama vinajua. Mama aliandika presha asubuhi, Tarishi akabeba. Aliandika presha jioni, Tarishi akabeba. Shemeji alijibu kila mara neno moja, "nimepata".

Kisha ikaingia hii, mchana, nikiwa nalehemu: "MWAMBIE MTOTO WA KIKE. MAMA YAKE MZIMA. PRESHA IMESHUKA."

Niliweka chini chuma cha kulehemu. Tarishi alibeba papo hapo. Halafu ikawa kimya muda mrefu, nikijua kwamba kule kuna mvua na kichuguu kinateleza. Jibu likaja: "nimepata".

Simu ya mama ikaita dakika hiyohiyo.

"Anasema amepata."

"Nimeona, mama."

"Mtu anaambiwa ana mtoto, anasema amepata? Hiyo mashine imepunguza."

"Haipunguzi. Wewe unajua haipunguzi."

"Basi muulize vizuri wewe."

Nikampigia shemeji. Alipokea, na kwanza nilisikia mvua tu. "Shemeji," akasema. Nikasubiri. "Shemeji," akasema tena. Nikamwambia ni kweli, wote wazima. Akasema, "Mwambie mama," akakwama hapo. Nikasikia anavuta pumzi, anaanza tena, "mwambie," na tena akakwama. Kisha mtandao ukaondoka.

Nikampigia mama.

"Anasema anakushukuru sana," nikamwambia. "Anasema hana la kukulipa. Anasema mtoto ni wako."

Nyuma ya mama nilisikia kitoto kinalia, sauti ya kukwaruza kama redio isiyoshika stesheni.

"Kasema hivyo mwenyewe?"

"Kasema."

"Umeongeza."

"Nimeongeza kidogo."

"Sawa," akasema mama. "Nawe mwambie nimefurahi. Hapo pia ongeza."